Diski ya Machochwe

Nyamhanga alinisalimia msibani kabla hata sijapata mahali pa kukaa. Tulikuwa tumekwenda Morotonga kumzika Mzee Marwa, bosi wangu wa kwanza, na watu walikuwa wengi kiasi kwamba maturubai hayakutosha. Sisi wanawake tulijibanza kwenye mikeka upande wa jiko, karibu na masufuria. Nikasikia mtu nyuma yangu ananiita, Rhobi, kwa sauti ya upole kabisa, na kabla sijageuka nilishajua ni nani. Akaniuliza habari za watoto, habari za Mugumu, akasema pole kwa kuondokewa na mzee wetu. Mzee wetu! Nikamjibu vizuri, maana msibani si mahali pa kumwonyesha mtu ulichonacho moyoni. Ameota mvi siku hizi, amenenepa, anavaa koti zuri. Sauti ndiyo ileile. Akaenda kukaa na wazee wenzake, akakaribishwa, akapewa kiti chenye mgongo, na mimi nikabaki pale mkekani na sahani ya pilau, nikiukumbuka mwaka ule nilioanza kazi ya kutunza sauti za watu.

Ya nyumbani kwetu Tarime nayaacha, hayana jipya. Nianzie ofisini. Ilikuwa vyumba viwili Mugumu, nyuma ya mashine ya kusaga, na ukuta uliotutenga na mashine ulikuwa mwembamba hivi kwamba unga uliingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Mzee Marwa alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, na kwa miaka yote ile mahakamani alikuwa amechoshwa na jambo moja: mtu akishazikwa, kila anayebaki anadai marehemu alimwambia yeye pembeni kwamba shamba ni lake. Basi akaanzisha huduma ya kuwarekodi wazee kwa video wangali hai, mzee anakaa nyumbani kwake, anasema mbele ya kamera nani apewe nini, mashahidi wapo, imekwisha. Mimi nilikuwa nashika kamera na kutunza kompyuta. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi Musoma, binti mwenye maneno mengi, na mwalimu wetu kule alikuwa ametupandikiza woga mmoja tu: kwamba kompyuta itakufa, swali ni lini, na asiyefanya bakapu atalia.

Bakapu zenyewe zilikuwa za namna mbili, na nizieleze kwa sababu kila kilichotokea kilitokana na hapo. Ya kwanza ni nakala kamili. Unachukua kila kitu kilichomo, tangu faili la kwanza hadi la siku ile, unakiweka kwenye diski moja kubwa ya nje. Niliifanya mara moja, baada ya mvua za masika, ilichukua siku kutwa na mashine ya kusaga ikinguruma upande wa pili. Ya pili ni nakala za nyongeza. Kila Ijumaa nilichukua yale mapya tu ya wiki ile nikayatia kwenye flashi, basi. Ni kazi nyepesi na haraka, lakini flashi zote ukizikusanya hazikupi chochote cha zamani. Cha zamani kiko kwenye ile kubwa tu. Nilimwomba Mzee Marwa diski nyingine ili nakala kamili ziwe mbili, kila moja mahali pake. Akasema tutaona baada ya mavuno.

Yeye alikuwa na utaratibu wake. Alikuwa amekulia kwenye ng'ombe, na kwetu mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote kwenye boma moja. Anawawekesha. Hawa kwa rafiki, wale kwa shemeji, wengine ng'ambo ya mto, ili wezi wakija au maradhi yakiingia asiamke maskini. Baba yake alinusurika hivyo, na yeye akaona diski ni mifugo vilevile. Flashi moja akampa mchungaji wa kanisa lake, nyingine dada yake Sirari, nyingine akakaa nayo mwenyewe. Ile kubwa akaipeleka Machochwe kwa Mzee Chacha, rika lake, ambaye wamewekeshana ng'ombe tangu ujana. Nilimweleza nikachoka. Nilimwambia Mzee, ng'ombe ukimtoa kwa wenzake bado ni ng'ombe mzima, lakini hizi umegawa tu, hujazidisha, ile kubwa ikipotea hakuna pengine tutakapoipata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamalizia chai yake.

"Rhobi, wewe umesoma mashine," akasema. "Mimi nimesoma wezi."

Na mtu aliyetufanya tuwafikirie wezi alikuwepo tayari. Miezi kadhaa nyuma tulikuwa tumemrekodi Bibi Gati wa Machochwe. Huyu alikuwa mjane asiyezaa mtoto wa kiume, akafanya kama wanavyofanya wanawake wa kwetu walio katika hali yake: akatoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa Bhoke, binti wa watu, ili Bhoke azae na watoto wawe wa nyumba ya Gati. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita ndoa hiyo. Bhoke alikuwa amezaa wavulana wawili na msichana. Nakumbuka chumba kile vizuri: kitanda cha kamba, kibuyu cha maziwa ya mgando kimening'inia, kuku anaatamia chini ya meza na hakuna anayemjali. Tulikula ugali wa mtama na muhogo kwanza, Bibi Gati alikataa kabisa kuzungumza na watu wenye njaa. Tulipomletea karatasi ya kuweka dole gumba akaficha mkono kwenye kanga. Alisema kidole hicho kiliwahi kuwekwa kwenye karatasi mara moja, akalala na shamba la bondeni akaamka hana. Lakini kuzungumza atazungumza. Akaitazama kamera usoni kama anayemtazama mtu, akasema shamba lote kuanzia barabarani mpaka kijitoni ni la Bhoke na wanawe, na kwamba Nyamhanga, mtoto wa shemeji yake, asikanyage. Alimtaja kwa jina, mara mbili. Bhoke alikuwa mlangoni ameshika mwiko, hakutikisika.

Bibi Gati akafariki kabla ya mwaka kuisha. Wiki haikupita Nyamhanga akaja ofisini. Alibisha hodi, akamwamkia Mzee Marwa shikamoo, akavua kofia. Alisema amesikia mama yake mkubwa aliacha maneno na angependa, kama ndugu, kuyasikia. Mzee akamwambia yatasikika kwenye baraza la kata, shauri likisomwa. Nyamhanga akasema hiyo ni haki. Halafu akaniuliza mimi, kwa ule upole wake, kama vitu vya namna hiyo haviharibiki, na kama huwa tunavitunza kwenye kompyuta hiihii. Nikasema vipo sehemu. Akatabasamu akashukuru. Alipotoka niliona hakuondoka, alikaa kwenye pikipiki yake ng'ambo ya barabara mpaka tukafunga.

Kuanzia hapo nilianza kusikiliza ukuta. Watu wakingojea unga huzungumza kwa kupaza sauti ili kuishinda mashine, na mashine ikizimwa ghafla wanajikuta wanapiga kelele. Ndivyo nilivyomsikia mtu nisiyemjua akiuliza yule mlinzi wa nyuma hulala wapi, na mwingine akajibu hakuna mlinzi, kuna kufuli tu. Nikatoka nje nikiwa nimeshika kikombe. Nikakuta akina mama na madebe yao, na wanaume wawili wakiangalia chini. Nilimwambia Mzee, tukabadilisha kufuli. Bhoke naye alikuwa akija kila siku ya gulio, anakaa kwenye benchi letu na mtoto mgongoni, hasemi sana. Alinisimulia kwamba asubuhi akienda shambani anakuta vigingi vipya vimepigwa, anaving'oa, kesho yake anavikuta tena. Watu wa nyumbani kwao walikuwa wamesema akinyang'anywa shamba asirudi na watoto, kwa sababu wale si wa kwao, ni wa nyumba ya Gati. Nilielewa siku ile kwamba tukikosa yale maneno, yeye na watoto watatu hawana pa kulala.

Tulivunjiwa siku chache kabla ya baraza kukaa. Niliwahi asubuhi nikakuta mlango umeegeshwa vizuri, kama na mtu mwenye adabu. Kamera haipo, kompyuta haipo, flashi ya Mzee iliyokuwa kwenye droo haipo. Birika la chai lilikuwa pale pale. Polisi walikuja, wakaandika, na mpaka leo hakuna aliyeshikwa, na mimi sisemi ni nani kwa kuwa sikumwona. Mzee Marwa alikaa kwenye kiti akasema kwa utulivu: sasa unaona kwa nini tuliwatawanya. Nilikimbilia kwa mchungaji, dada yake akatuma flashi kutoka Sirari kwa basi, nikaazima kompyuta shuleni nikazifungua. Zote zilikuwa nzima, bila kasoro. Wazee wa Juni, wa Julai, wa Agosti, wanapiga chafya, wanagawa mbuzi. Bibi Gati hakuwemo, na nilijua hangekuwemo, alirekodiwa kabla ya nakala kamili. Alikuwa Machochwe kwenye ile kubwa. Mzee akampigia simu Mzee Chacha ailete. Mzee Chacha akasema hilo si la kuzungumza kwenye simu, anakuja mwenyewe.

Alifika amevaa koti lake la sherehe, amebeba kifurushi cha kitambaa cheupe kwa mikono miwili. Hakukubali chai. Na hapa ni lazima mtu ajue taratibu zetu: ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, anayemtunza hazungumzi maneno matupu. Anamchuna na kumpelekea mwenyewe ngozi yake, ili isije ikasemwa kwamba alimuuza. Mzee Chacha akaweka kifurushi mezani akafungua fundo. Ndani kulikuwa na ganda la diski, skrubu zake zimefungwa kwenye kipande cha karatasi, waya, na ile sahani ya ndani inayong'aa kama kioo, imeshikwashikwa, ina mkwaruzo wa bisibisi toka ukingoni hadi katikati.

"Ng'ombe wako amekufa, Marwa," akasema. "Mwili wake wote ni huu. Hakuna nilichobakiza."

Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo. Nilitaka kulia nikashindwa, hasira ilikuwa nyingi mno. Diski iliyogoma hupelekwa kwa mafundi Mwanza, wengine huifufua, lakini ukishaifungua kwenye vumbi ukaigusa kwa vidole, basi. Yule mzee alikuwa ameimaliza kwa uaminifu wake. Na kuna ubaya zaidi, nao tumeubeba mimi na Mzee Marwa tu mpaka jana tulipomfukia. Baadaye niliuchukua ule waya nikaujaribu kwenye diski nyingine nzima. Haikuonekana. Nikabadilisha waya, ikaonekana. Waya ndio uliokuwa umekatika. Nilipomwambia Mzee Marwa akaniambia Chacha asilisikie hilo maisha yake yote, na hakulisikia.

Lakini siku ile nilirudi ndani kwa sababu nilisikia neno. Mzee Chacha alikuwa akieleza jinsi alivyomtunza huyo ng'ombe wake, kwamba hakumlaza chini, kwamba hata maziwa yake waliyanywa kwa heshima. Nikauliza maziwa gani. Akanitazama kama mtoto asiyejua jambo la wazi. Ng'ombe ukiwekeshwa, ng'ombe ni wa mwenyewe, maziwa ni yako unayemlisha. Basi alikuwa ameichomeka diski kwenye deki yake inayotumia umeme wa jua, na jioni majirani wakija wanawatazama wazee wakizungumza, mpaka siku moja ikagoma kuonyesha. Nilishika kichwa. Wosia za watu walio hai, mambo ambayo hata wake zao hawajaambiwa, zimeonyeshwa Machochwe kama mpira! Nikamfokea mzee wa watu, Mungu anisamehe, nikasema maneno ambayo binti hamwambii mtu wa rika la baba yake. Alisubiri nimalize. Mzee Marwa ndiye aliyeinama mbele akamuuliza taratibu kama Gati naye walimtazama.

"Gati?" akasema Mzee Chacha. "Huyo tulimrudia mara nyingi kuliko wote. Alikuwa jirani yetu."

Baraza lilikaa chini ya paa la bati la ofisi ya kata, Machochwe, siku ya mawingu. Nyamhanga alikaa benchi la mbele na ndugu zake, na vijana kadhaa walisimama mlangoni wameegemea fimbo, hawakuwa na shauri lolote. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alikuwa shahidi wetu wa kurekodi, akasema hakumbuki vizuri. Sisi wawili wa ofisini tukaambiwa tuna maslahi. Hapo Mzee Chacha akaomba kusimama. Alianza mwanzo, kuku chini ya meza, ugali, kanga, akasema maneno ya Bibi Gati kwa mpangilio wake kuanzia barabarani mpaka kijitoni, nami niliyekuwa nimeshika kamera sikusikia kosa. Akakaa. Niliwaona watu wanaojulikana kabisa kwamba waliketi mbele ya ile deki wakichunguza kucha zao. Nilidhani ndiyo mwisho. Akasimama mama mmoja mwembamba akasema mzee amesahau, Gati alimtaja Nyamhanga mara mbili, si moja. Mwingine akaongeza habari ya kidole na shamba la bondeni. Mwingine akaongeza kwamba Bhoke alikuwa mlangoni na mwiko. Kila mmoja alileta kile tu ambacho wa kabla yake hakukisema, na yote yalisimama juu ya maneno ya yule mzee. Bhoke alikuwa amekaa chini na watoto, ameinamisha kichwa, na machozi yanadondoka kwenye kichwa cha yule mdogo.

Shamba akapewa Bhoke. Nyamhanga hakugomba. Alisimama, akafunga vifungo vya koti, akapitisha macho kwenye mabenchi polepole, mstari kwa mstari.

"Sawa," akasema. "Nimewaona nyote mliosema."

Mvua hazijaanza, boma la Mzee Chacha likafagiliwa, ng'ombe wote, nyayo zikielekea mpakani zikapotea kwenye mawe. Mahindi ya yule mama mwembamba yalikatwa yakiwa mabichi. Hakuna aliyeonekana, hakuna aliyeshitakiwa. Mzee Chacha aliishi kwa wale ng'ombe aliokuwa amewawekesha kule Morotonga kwa Mzee Marwa, na Mzee Marwa alimrudishia na ndama wao wote. Mimi nilipopata kamera nyingine nilikwenda Machochwe nyumba kwa nyumba nikawarekodi wote waliosimama barazani. Baadhi walizungumza wakiwa wamefunga milango. Nikafanya nakala kamili mbili, moja hapa, moja mbali, na hakuna aliyenipinga tena, Mzee Marwa alininunulia diski kabla sijaomba.

Hayo nayawaza mkekani, Bhoke akaja akakaa karibu yangu. Amekuwa mwanamke mnene, ana kicheko, mwanawe mkubwa ndiye anayelima lile shamba na ana mke. Tulikumbushana, tukacheka kidogo ile habari ya ngozi. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba wale waliosimama siku ile wanakwisha. Mzee Chacha na wengine tulishawazika, yule mama mwembamba amezikwa mwaka jana, aliyebaki hatambui hata wajukuu zake. Na vigingi, akasema, vimeanza tena kuonekana. Nilimuuliza kama amemwambia mtu. Akaelekeza kidevu kule kwenye viti vya wazee, akasema amwambie nani, na Nyamhanga ndiye mzee wa ukoo siku hizi.

Tukiwa tunaondoka Nyamhanga alitufuata mpaka langoni. Alimsalimia Bhoke, akamsifu mwanawe kwa kilimo. Halafu akanigeukia.

"Rhobi, zile sauti za Machochwe, bado unazitunza?"

Hasira ni kitu kibaya. Ningesema zilishapotea, ningesema sijui. Badala yake nikamjibu nikimtazama machoni kwamba ninazo, tena kamili, tena sehemu mbili.

"Sehemu mbili," akasema taratibu. Akatabasamu, akavaa kofia yake, akatutakia safari njema.

Leo asubuhi sijafungua ofisi. Nimetengeneza nakala ya tatu, kamili, nimeijaribu kwa waya mpya nikamsikiliza Mzee Chacha tangu yule kuku hadi kijitoni, kisha nikaifunga na kuipeleka mahali. Nimerudi mchana. Bhoke alinipigia kuuliza kama nimefika salama kutoka msibani, tukazungumza mambo ya mvua. Sikumwambia iliko, wala hakuniuliza.